Kabla ya Takwimu, Uliza Umri: Kumpima Chipukizi wa Besiboli Msimu Ukiisha

Hotuba kwa wazazi, makocha na vijana wanaozungumza Kiswahili, Dayton, Ohio

Wazee wetu, akina mama na akina baba, makocha mnaojitolea kila Jumamosi, na ninyi vijana mliojipanga nyuma karibu na mlango: habari za jioni. Ahsanteni kwa kunialika, na ahsanteni zaidi akina mama mliopika. Najua wengi wenu mmetoka zamu mkaja moja kwa moja, kwa hiyo nitaingia kwenye jambo lenyewe.

Msimu wa Dayton Dragons, timu yetu ya besiboli hapa mjini, umekwisha. Tangu Aprili mmekuwa mkiwapeleka watoto pale uwanjani katikati ya mji. Sasa wachezaji wamefungasha mizigo, na vijana wenu wamebaki na mabishano. Huyu atafika Cincinnati, kwenye timu kubwa, yule hafiki. Anayeshinda ubishi ni mwenye simu, kwa sababu anafungua takwimu na kusoma kwa sauti: huyu amepiga wastani wa .290, yaani katika kila majaribio 100 mapigo yake 29 yamemfikisha besi, kituo cha kukimbilia, yule .240, kesi imekwisha.

Mimi nasema kesi haijaanza hata kusikilizwa. Nimekuja kuwaomba kitu kimoja usiku huu. Kabla hujasoma takwimu yoyote ya chipukizi wa besiboli, uliza ana umri gani na alikuwa akicheza dhidi ya nani. Ukikosa majibu hayo, .290 na .240 haziwezi kukusaidia kitu. Nitawaeleza kwa nini, na nitawatajia wachezaji ambao mnaweza kwenda kuwafuatilia wenyewe.

Kwa wale waliofika Ohio majuzi, nianze na ngazi zilivyo. Cincinnati Reds, kama klabu nyingine 29 za Ligi Kuu ya besiboli ya Marekani, ina timu nne za chini zinazocheza msimu mzima. Daytona, kule Florida, ni Single-A. Sisi hapa Dayton ni High-A. Juu yetu kuna Chattanooga, Tennessee, ambayo ni Double-A, halafu Louisville, Kentucky, ambayo ni Triple-A. Baada ya Louisville ni Cincinnati kwenyewe, mwendo wa saa moja hivi kwa gari kutoka hapa tulipokaa, lakini kwa mchezaji ni safari ya miaka. Chini ya zote hizo kuna vituo vya mafunzo Arizona na ligi ya majira ya joto ya Jamhuri ya Dominika, ambako vijana wa miaka 17 na 18 wanaanzia. Zamani timu za chini, yaani za ligi ndogo, zilikuwa 160. Mwaka 2021 zikapunguzwa hadi 120. Nafasi zimekuwa chache, na hukumu inatolewa mapema kuliko zamani. Ndiyo maana nataka tujue hukumu hiyo inatolewaje.

Tuanze na umri, na hapa nitakaa sana.

Chukua wanafunzi wawili waliopata alama 60 katika mtihani wa darasa la saba. Mmoja yuko darasa la saba, na huu ni mwaka wake wa pili kulirudia. Mwingine ni wa darasa la tano, aliingizwa tu kujaribiwa. Alama ni zilezile, lakini hakuna mwalimu hata mmoja atakayesema watoto hawa wako sawa. Besiboli ya ligi ndogo ndiyo shule ya namna hiyo. Katika timu ya High-A kama Dragons, wachezaji wengi wana miaka 21 hadi 23, na wengi wao wametoka vyuo vikuu. Akiingia humo kijana wa miaka 19 akapiga .250, akasimama imara mbele ya warushaji waliomzidi miaka minne ya mazoezi na misuli, hiyo ni habari kubwa. Akiwa na miaka 25 akapiga .300 hapohapo, amefanya vizuri na hongera zake, lakini alitarajiwa kufanya hivyo. Mwili wake umeshakomaa na anacheza na wadogo zake.

Sababu haiko kwenye mwili peke yake. Kijana wa miaka 19 ana muda. Wapigaji wengi hufikia kilele cha uwezo wao wakiwa na miaka 26 hadi 28 hivi. Aliyefika High-A akiwa na 19 ana misimu saba au minane ya kuongeza nguvu na kujifunza kusoma mrusho. Aliyefika na 25 amebakiwa na miwili mitatu. Klabu inaposajili inanunua miaka ijayo, na hii iliyopita inaitazama kama ushahidi tu.

Sasa sikilizeni kisa hiki, kinaonyesha umri una uzito gani. Mwaka 2006 Washington Nationals walimsaini kijana wa Dominika aliyejulikana kwa jina la Esmailyn González, umri miaka 16, kwa dola milioni 1.4. Mwaka 2008 aliongoza Ligi ya Gulf Coast, ligi ya wanaoanza, kwa wastani wa kupiga, .343. Mtu akisoma hapo anasema: nyota amezaliwa. Mapema 2009 ikabainika kwamba jina halikuwa lake na kwamba alikuwa na miaka minne zaidi. Hakuna pigo hata moja lililofutwa katika takwimu zake, .343 ilibaki .343. Lakini aliyedhaniwa kuwa mtoto anayewashinda wakubwa alikuwa mtu mzima anayewashinda watoto, na thamani yake ikaporomoka siku ileile. Hakuwahi kufika Ligi Kuu.

Jambo hili linatugusa sisi kuliko jamii nyingi za mji huu, na naomba mniwie radhi nikisema waziwazi. Mnakumbuka mwaka 2011 watoto wa Uganda walipofuzu kwenda Williamsport, Pennsylvania, kwenye mashindano ya dunia ya Little League. Wangekuwa timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza huko. Wakanyimwa viza kwa sababu ya kutofautiana kwa nyaraka za umri na za kuzaliwa. Mwaka uliofuata, 2012, timu ya Lugazi ikafuzu tena, ikapewa viza, ikafika, na ikaifunga timu ya Oregon 3 kwa 2. Watoto walikuwa na uwezo miaka yote miwili. Kilichobadilika ni karatasi.

Humu ndani kuna familia nyingi zilizopitia kambi za wakimbizi, na najua ni watoto wangapi wa Kikongo ambao karatasi zao zimeandikwa Januari 1 kwa sababu afisa aliyekuwa akijaza fomu alihitaji tarehe yoyote ile. Katika maisha ya kawaida unaweza kuishi na Januari 1 bila taabu kubwa. Katika besiboli ya watoto, umri wa kushiriki unahesabiwa kwa kufikia Agosti 31. Miezi michache inaweza kumweka mtoto na wakubwa zake au na wadogo zake, na baadaye skauti, yule mtafuta vipaji wa klabu, atauliza. Kama mama unayo kadi ya kliniki au cheti cha ubatizo chenye tarehe ya kweli, kitunze. Kama karatasi ya serikali imekosewa, tafuta msaada wa wakili wa uhamiaji mapema, mtoto akiwa bado mdogo na hakuna pesa mezani. Marekebisho yakifanywa siku kijana ameanza kutafutwa na klabu, hata yakiwa ya haki kabisa, yanaonekana kama ujanja.

Basi, umri tumeuona. La pili ni mahali.

Ligi ndogo zinachezwa kwenye hali za hewa na miinuko isiyofanana hata kidogo. Albuquerque, New Mexico, iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, mpira unaruka, na mpira ambao hapa Dayton ungedakwa kule unavuka uzio. Mpigaji anayerudi kutoka huko na homurani 25, yaani mapigo yaliyovuka uzio, si lazima awe na nguvu kuliko wa hapa mwenye 16. Na hapa kwetu Aprili mnaijua wenyewe. Kijana aliyekulia San Pedro de Macorís, kule Dominika, anashika gongo kwa mara ya kwanza kwenye nyuzi 4 za Selsiasi, vidole vimekufa ganzi, mpira hauruki. Wastani wake wa Aprili unabaki ndani ya wastani wa msimu mzima na kuushusha, hata kama kuanzia Juni amecheza kama simba. Kwa hiyo wakati wote gawanya msimu. Usimsome kijana kwa jumla, msome mwezi kwa mwezi.

Kuna mambo mengine ya mahali ambayo hata mashabiki wa siku nyingi huyasahau. Mwaka 2023 Ligi ya Kusini, ile ya Double-A anayochezea Chattanooga, ilitumia nusu ya kwanza ya msimu mpira wa majaribio uliopakwa kitu cha kunata kiwandani. Warushaji wakaushika vizuri zaidi, mirusho ikajikunja zaidi, wapigaji wakakosa kuliko kawaida. Nusu ya pili wakarudi kwenye mpira wa zamani. Anayesoma takwimu za mrushaji wa ligi hiyo mwaka huo bila kujua habari ya mpira atamsifu mtu kwa kazi ya kiwanda. Mwaka huohuo viwanja vyote vya Triple-A viliingiziwa mitambo ya kuamua straiki, yaani kama mrusho umepita mahali panapotakiwa, na wapigaji wakawa wanapewa besi ya kwanza mara nyingi zaidi. Tena hilo halikuwa la mtu mmoja, lilikuwa la ligi nzima.

Mfano wa mahali ulioniuma zaidi ni wa Brandon Wood. Mwaka 2005, akiwa na miaka 20, alipiga homurani 43 akiwa Rancho Cucamonga, California. Arobaini na tatu! Umri ulikuwa upande wake, nami sitaki mdhani kwamba kanuni ya umri inatosha peke yake. Lakini Ligi ya California ya wakati ule ilikuwa pepo ya wapigaji, viwanja vyenye joto, ukavu na upepo. Alipopanda Double-A mwaka uliofuata alianza kutolewa kwa straiki tatu mara nyingi zaidi. Dalili hiyo ilikuwa wazi kwa aliyetaka kuiona, ila 43 ilikuwa namba tamu mno. Katika Ligi Kuu alimaliza na wastani wa .186. Alikuwa mchezaji wa kweli mwenye bidii. Waliomwekea mzigo wa msimu mmoja wa California ndio waliomkosea.

Nimetaja straiki tatu, basi tuingie kwenye namba zenyewe. Zipo zinazosema kweli mapema na zipo zinazochelewa. Wastani wa kupiga unachelewa sana. Mpira ukishapigwa, bahati inaingia: umepiga kwa nguvu zote lakini umemlenga mlinzi, umetoka, umepiga vibaya ukapita katikati ya walinzi wawili, umefika besi. Inahitaji mamia ya mapigo kabla bahati haijasawazika, na msimu wa High-A una michezo 132 tu, tena wengi hawaichezi yote. Lakini mara ngapi kijana anatolewa kwa straiki tatu, na mara ngapi anapewa besi ya kwanza kwa kuiacha mipira minne mibaya, hizo ni tabia zake. Zinajitokeza ndani ya wiki chache. Anayetofautisha mrusho mzuri na mbaya akiwa hapa ana msingi wa kwenda nao juu, kwa sababu huko juu warushaji wabaya hawapo tena.

Dayton tunao mfano ambao kila kijana hapa anaufahamu, Elly De La Cruz. Reds walimsaini mwaka 2018 kwa dola 65,000, pesa ndogo kwa soko lile. Mwaka 2022 alianza hapa kwetu akiwa na miaka 20. Katika michezo 73 alipiga .302 na homurani 20, na baada ya kupandishwa Chattanooga aliumaliza mwaka na jumla ya homurani 28 na besi 47 za kuiba, yaani kukimbilia besi inayofuata bila mpira kupigwa. Nadhani wengi mlikuwepo uwanjani mkimwona akikimbia, na mtu akimwona yule kijana akikimbia hasahau.

Lakini mwisho wa msimu ule takwimu zilikuwa na neno la pili. Alitolewa kwa straiki tatu karibu mara tatu katika kila kumi alizosimama na gongo, na hiyo ni nyingi. Wako waliosema: huyu atapigwa breki Ligi Kuu. Wako waliosema: acheni hizo straiki, tazameni mbio na nguvu. Mwaka 2024, akiwa na Reds, Elly aliongoza Ligi Kuu nzima kwa kuiba besi, 67. Na mwaka huohuo aliongoza Ligi Kuu nzima kwa kutolewa kwa straiki tatu, 218. Kambi zote mbili zilisoma sawasawa! Kilichokuwa karama hapa Dayton kilibaki karama, na kilichokuwa udhaifu kilipanda naye ngazi zote hadi juu. Ndiyo maana nawaambia vijana msichague nusu ya takwimu inayowafurahisha. Kumpima mtu ni kukubali kuziona zote mbili kisha kuuliza ipi itamlisha.

Kuna kipimo kingine nikipendacho zaidi ya vyote: mwelekeo wakati wa kupanda. Ronald Acuña mwaka 2017 alikuwa na miaka 19. Alianzia High-A akapiga .287, akapandishwa Double-A akapiga .326, akapandishwa Triple-A akapiga .344. Kila ngazi ilikuwa na warushaji wakali kuliko iliyopita, na kila ngazi alipiga vizuri zaidi, huku akitolewa kwa straiki tatu kwa kiwango kinachoshuka. Kwa kawaida kijana akipandishwa takwimu zinashuka kwanza, kisha anajifunza, kisha zinapanda, na hilo ni sawa kabisa, hakuna la kuogopa. Anayepanda bila kushuka ni wa nadra. Mwaka uliofuata Acuña alikuwa mchezaji bora chipukizi wa Ligi ya Taifa, moja ya ligi mbili zinazounda Ligi Kuu.

Kuhusu warushaji nitasema machache. Msihesabu ushindi, ushindi ni wa timu. Tangu 2001, mchambuzi wa takwimu Voros McCracken alipoandika kwamba mrushaji ana uwezo mdogo wa kuamua mpira uliokwishapigwa utaangukia wapi, wapimaji wengi hutazama kwanza yale aliyonayo mikononi: straiki tatu, mipira minne, homurani. Ongeza kasi ya mrusho, na uliza kama kasi ile ilikuwepo bado Agosti au ilikwisha Juni. Mrushaji wa miaka 20 aliyeanza na maili 96 kwa saa akamaliza na 92 anahitaji daktari kabla ya kocha.

Sasa, kuna yasiyoingia kwenye takwimu kabisa. Skauti hutumia kipimo cha 20 hadi 80, ambapo 50 ni mchezaji wa kawaida wa Ligi Kuu, na humpima mpigaji kwa mambo matano: kugusa mpira, nguvu, mbio, kudaka na mkono wa kurusha. Hapo ndipo namtaja Gift Ngoepe wa Afrika Kusini. Pittsburgh Pirates walimsaini mwaka 2008. Hakuwa mpigaji mkali, na mtu aliyemsoma kila Septemba kwa wastani wa kupiga angemfuta kila Septemba. Lakini mikono yake ya kudaka ilikuwa ya Ligi Kuu, na klabu ikamshikilia msimu baada ya msimu. Aprili 26, 2017, aliingia uwanjani Pittsburgh, mtu wa kwanza aliyezaliwa Afrika kucheza Ligi Kuu, na mara ya kwanza kusimama na gongo akapiga mpira wa mrushaji Jon Lester akafika besi. Hakudumu sana huko juu. Lakini alifika, na alifikishwa na watu waliokubali kuangalia kitu ambacho ukurasa wa takwimu haukionyeshi vizuri.

Wazee wetu husema nyota njema huonekana asubuhi. Katika mchezo huu, wazee wangu, nyota nyingine huonekana alasiri. Albert Pujols alichaguliwa mwaka 1999 katika drafti, siku klabu zinapogawana vijana wapya kwa zamu, raundi ya 13, nafasi ya 402. Watu 401 walitangulia! Mwaka 2000, ule ambao Dragons walianza kucheza hapa, yeye alikuwa Peoria, Illinois, kwenye Ligi ya Midwest, ligi hiihii yetu. Mwaka 2001 alikuwa St. Louis akipiga homurani 37. José Altuve alirudishwa nyumbani kutoka kwenye majaribio kwa sababu ya ufupi, akarudi kesho yake, akasainiwa na Houston kwa dola 15,000. Mike Piazza alichaguliwa wa 1,390. Wote watatu walikuja kuwa nyota. Siwatajii hawa ili kila mtoto aambiwe atakuwa Pujols, maana wengi mno wanaochaguliwa nafasi hizo hawafiki popote. Nawataja kwa sababu kipimo cha kwanza kiliandikwa na wataalamu, na kilihitaji kupimwa upya kila mwisho wa msimu.

Mtaniuliza, sasa kinaendelea nini na wale vijana tuliowaona? Oktoba baadhi yao wanakwenda Arizona kwenye ligi ya vuli, ambako kila klabu hupeleka wachache inaotaka kuwaona dhidi ya chipukizi wa klabu nyingine. Katikati ya Novemba kuna siku ngumu. Aliyesainiwa akiwa na miaka 18 au chini akishatimiza misimu mitano, au aliyesainiwa na 19 na zaidi akishatimiza minne, klabu lazima imwingize kwenye orodha yake ya watu 40. Isipofanya hivyo, Desemba klabu nyingine inaweza kumchukua kwa dola 100,000, kwa sharti la kumweka kwenye kikosi cha Ligi Kuu msimu mzima ujao. Roberto Clemente, aliyekuja kuwa nyota mkubwa, alipatikana kwa utaratibu wa namna hii mwaka 1954. Brooklyn hawakumlinda, Pittsburgh wakamchukua. Kwa hiyo mkitaka kujua Reds wenyewe wanamthamini nani kikweli, msisikilize wanachosema kwenye redio. Tazameni orodha ya Novemba.

Wapo watakaoachwa, na hili nalisema kwa uzito. Tangu 2024 klabu hairuhusiwi kuwa na wachezaji zaidi ya 165 wa ligi ndogo hapa Marekani. Awali walikuwa 180. Kila drafti ya Julai inapoleta wapya, wengine wanapigiwa simu. Ni vijana wa miaka 22, 23, wengi hawana cheti cha chuo, wengine Kiingereza hakijakaa vizuri, kama sisi tulipofika. Afadhali mkataba wa 2023 ulipandisha mshahara wa chini wa High-A kutoka dola 11,000 hadi 27,300 kwa mwaka, kwa hiyo anayeachwa leo anaweza kuwa na akiba kidogo. Mkikutana na mmoja wao dukani au kanisani, au msikitini, msimwite aliyeshindwa. Kufika Dayton tu amewapita maelfu.

Kabla sijamaliza kuna swali lililoandikwa kwenye karatasi. Mama mmoja anauliza: kijana wake ana miaka 16, amekulia mpira wa miguu, ameshika gongo mwaka jana tu. Kwa haya niliyosema kuhusu umri, je, ameshachelewa?

Mama, kwa kupiga amechelewa kidogo, sitakudanganya. Kupiga kunataka macho yaliyoona maelfu ya mirusho tangu utotoni, na hilo halina njia ya mkato. Kwa kurusha, mlango uko wazi zaidi. Angalia Waganda waliosainiwa na klabu za Ligi Kuu miaka ya karibuni: Ben Serunkuma na Umar Male kwa Los Angeles Dodgers mwaka 2022, na David Matoma kwa Pittsburgh. Wote ni warushaji. Mkono wenye kasi unaonekana hata kwa aliyeanza juzi, na klabu inaamini inaweza kufundisha yaliyobaki. Dennis Kasumba wa Uganda ni mdakaji, anayechuchumaa nyuma ya mpigaji, na alifika Frederick, Maryland, kucheza ligi ya vijana wanaosubiri drafti mwaka 2023, kwa hiyo njia nyingine zipo, ila ni nyembamba. Vyuo vya miaka miwili navyo ni njia nzuri, na mchezaji wa huko anaweza kuchaguliwa mwaka wowote.

Mlete Jumamosi, kocha ana kifaa cha kupima kasi. Atarusha mipira 30, haitazidi hiyo, kwa sababu mkono wa kijana wa miaka 16 ukivuka 30 unadai siku ya kupumzika, na siku nzima haipaswi kufika zaidi ya 95 hata akiwa mzoefu. Akirusha zaidi ya 75, siku nne hagusi mpira, hata kama kocha wa timu yake anamhitaji Jumapili. Nunua daftari, mama, andika tarehe na idadi kila anaporusha, shuleni na kwingineko. Daftari hilo ndilo nitakalotaka kuliona mwakani msimu ukiisha.